Nane Nane ya Themi: gharama ziandikwe pale pale penye mavuno

Kila inapofika wiki ya kwanza ya Agosti, daladala za Njiro, Arusha, hujaa watu wenye swali moja: mwaka huu nilime nini? Wamo wastaafu waliopata kiinua mgongo juzi, vijana waliorithi nusu ekari ya kihamba, yaani shamba la ukoo la nyumbani, na watumishi waliokopa benki wakanunua ekari mbili Kikwe au Mabogini. Wanaingia viwanja vya Nane Nane vya Themi, wanazunguka mabanda, wanapiga picha kabichi inayojaza mikono miwili, wanabeba vipeperushi, na jioni wanarudi nyumbani wakiwa wameshaamua. Wengine wameshalipia hata vifaranga.

Nayapenda maonesho haya na nitaendelea kuwahimiza watu waende. Ila naona tunayatumia vibaya. Tunakwenda kutazama mavuno, wakati faida ya shamba dogo inaamuliwa na mambo mawili ambayo pale hayaandikwi popote: gharama na mnunuzi. Mtu akiingia Themi akitafuta hayo mawili, atatoka na wazo la kumfaa. Akiingia akitafuta zao la kulima, atatoka na zao lile lile waliloliona wenzake wote waliokuja siku hiyo.

Tuanze na kilichopo, maana ni kikubwa. Zamani sikukuu ya wakulima ilikuwa Saba Saba, siku ilipozaliwa TANU mwaka 1954. Baadaye wakulima wakapewa siku yao, tarehe 8 Agosti, na maonesho yanayoitangulia wiki nzima. Kwa kanda ya kaskazini, yaani Arusha, Kilimanjaro na Manyara, uwanja ni Themi. Pale halmashauri zina mabanda na vipando vyake, yaani vishamba vidogo vya maonesho, JKT na Magereza wana vyao, na taasisi za utafiti ambazo siku nyingine ungelazimika kuzifuata moja moja zinakuja zenyewe. TARI wa utafiti wa kilimo kutoka Selian na Tengeru, TaCRI wa kahawa kutoka Lyamungu, TOSCI wanaothibitisha ubora wa mbegu, TPHPA wa Ngaramtoni wanaosimamia viuatilifu, CAMARTEC wa zana za kilimo, SIDO wa mashine ndogo. Mkulima wa Rombo angetumia nauli nyingi na siku nyingi kuwapata watu hao wote maofisini. Pale anawapata kwa mguu, tena wakiwa wamekuja mahususi kumsikiliza. Hiyo peke yake inatosha kukufanya uende.

Tatizo linaanzia kwenye vipando.

Kipando cha Nane Nane kimepandwa kwa hesabu ya kwenda nyuma. Mtaalamu anaanza na tarehe 8 Agosti, anarudi nyuma kwa siku ambazo zao linahitaji, na anasia mbegu ili siku ya mgeni rasmi mmea uwe kwenye ubora wake wote. Sioni kosa hapo; ndivyo maonesho yalivyo. Lakini mtazamaji anapaswa kujua anaangalia siku moja nzuri katika maisha ya mmea, na ameiangalia katika mwezi wa baridi. Agosti Arusha watu wanavaa masweta. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya aliyeingia nchini miaka ya 2010 na kuwaliza wakulima, huongezeka sana kipindi cha joto na ukavu. Adui wa nyanya za Julai na Agosti ni ukungu zaidi. Kwa hiyo mtu anayeiona nyanya safi Themi, akaenda kupanda Novemba ili avune joto la Januari na Februari, analima zao ambalo kwa kweli hajawahi kuliona likipigana na adui wake mkubwa.

Mwaka mmoja nilisimama kwenye kipando cha nyanya nyuma ya mama mmoja wa makamo, kitenge begani, daftari la shule mkononi. Kijana wa banda alikuwa anaeleza mbegu, akamwona.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba mwanangu. Hizi umezipiga dawa mara ngapi tangu zitoke kitaluni?"

Kijana akasita kidogo. "Kila wiki mara moja, mama. Ukungu ukizidi, mara mbili."

"Na maji?"

"Ya tangi, mama. Yale matone pale."

Mama hakusema neno. Akainama, akachuma jani moja la chini kabisa, lile ambalo wengi hatuliangalii, akaligeuza kutazama mgongo wake, akalisogeza kwenye mwanga. Kisha akaandika. Nadhani yule mama alikuwa amepata pale kitu ambacho wengi waliokuwa wakipiga picha hawakukipata.

Fuatilieni hesabu yake. Nyanya hukaa shambani kama siku 70 hadi 75 tangu kuhamishwa kitaluni mpaka tunda la kwanza kuiva, na kuvuna kunachukua mwezi au zaidi. Hiyo ni kama wiki 14. Dawa mara moja kwa wiki ni mara 14. Ekari moja ya nyanya zilizokua huchukua takribani lita 200 za dawa iliyochanganywa, yaani pampu 10 za mgongoni za lita 20. Msimu mmoja ni pampu 140. Mwanzoni, mimea ikiwa midogo, zinapungua. Ukungu ukizidi, zinapita hapo. Kila moja inahitaji mtu wa kuibeba, maji ya kuijaza na fedha ya dawa. Ukijua hilo, unaweza kuamua kwa akili timamu kwamba utalima robo ekari na utaisimamia vizuri, badala ya kulima ekari nzima na kuiachia njiani.

Liko pia suala la kuzidisha. Kipando cha mita 5 kwa 5 ni mita za mraba 25. Ekari ina kama 4,000. Ukichukua mavuno ya kipando na kuyageuza kuwa ya ekari, unazidisha mara 160, na kosa la kilo moja pale linakuwa kosa la kilo 160 kwako. Zaidi ya hapo, mimea ya pembeni daima hupata mwanga mwingi, nafasi kubwa ya mizizi na ushindani mdogo, na katika kipando kidogo sehemu kubwa ya mimea ni ya pembeni. Watafiti wanalijua hili vizuri. Wakipima majaribio yao huiacha mistari ya pembeni na kupima ya katikati tu. Sisi wageni tunayahesabu yote, kisha tunaenda kuomba mkopo kwa hesabu hiyo.

Sasa kuku, kwa sababu hakuna banda linalojaza watu kama la kuku.

Kuku wa mayai anakula kama gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 100 wanakula kilo 11 na nusu hivi, ambazo kwa mwezi zinakaribia mifuko 7 ya kilo 50. Wakitaga vizuri, tuseme mayai 80 kwa siku kwa kuku 100, mwezi mzima unapata mayai 2,400, yaani trei 80. Gawanya: kila mfuko wa chakula unapaswa kulipwa na trei 11 na kidogo. Huna haja ya mtu kukufundisha biashara hapo. Nenda duka la vyakula vya mifugo la karibu na kwako, uliza bei ya mfuko. Nenda kwa mwenye duka la reja reja anayenunua kwa wafugaji, uliza anachukua trei kwa shilingi ngapi. Zidisha bei hiyo mara 11. Kama jibu halipiti bei ya mfuko kwa nafasi ya kutosha, basi hujafikia chanjo ya kideri na gumboro, umeme, maranda wala mshahara wa kijana wa bandani, na tayari kazi hiyo inakula mtaji.

Na hao ni kuku walioanza kutaga. Kabla ya hapo, kutoka kifaranga mpaka yai la kwanza ni wiki 18 hadi 20, na kila mmoja atakuwa amekula takribani kilo 7. Kuku 100 ni mifuko 14 kabla hujaona yai hata moja. Ninawajua watu kadhaa wa Moshi na Arusha walionunua vifaranga Agosti kwa furaha na kuwauza Novemba kwa bei ya hasara wakiwa mitetea ambayo haijataga, si kwa sababu walifuga vibaya, bali kwa sababu fedha ya chakula iliisha baada ya miezi mitatu. Kibandani waliambiwa bei ya kifaranga. Bei ya kifaranga ni sehemu ndogo tu ya gharama za safari hiyo, na kuku wa nyama au chotara nao wana hesabu zao za aina hii hii.

Kuna jambo jingine ninalotaka kulisema kwa uwazi kwa sababu limewaumiza watu wengi kanda hii. Kila baada ya miaka michache hutokea mnyama au mmea wa ajabu ambao kila mtu anaambiwa ni utajiri. Zaidi ya miaka kumi iliyopita ilikuwa kware, na mayai yake yaliuzwa kwa madai kwamba yanatibu karibu kila ugonjwa. Wakaja sungura. Namna yake haibadiliki. Anayekuuzia mbegu anakuahidi kwamba atanunua mavuno yote. Unaponunua jozi ya wazazi kwa bei kubwa, yeye ameshapata faida yake. Mazao yako ya kwanza anayanunua kweli, kwa sababu anayahitaji kuwauzia wanaoingia nyuma yako kama wazazi wapya. Bei inaonekana nzuri kwa muda wote ambao watu wapya wanaendelea kuingia. Siku waingiaji wanapokauka, inagundulika kwamba hapakuwahi kuwa na mlaji. Kwa hiyo ukisimama mbele ya banda la aina hiyo, uliza: nani anayekula hiki, ananunua wapi, na je, naweza kwenda kesho kumwona akinunua? Nyama ya sungura ni nzuri, sina ugomvi nayo. Swali ni kama bucha lolote la mtaani kwako linaiuza.

Kitalu nyumba, yaani banda la nailoni la kulimia ndani, nacho kinahitaji tahadhari, ingawa kwa sababu nyingine. Watu wanakiona kama kinga ya magonjwa. Kinazuia mvua na kupunguza wadudu, ni kweli, lakini mnyauko wa bakteria unakaa kwenye udongo, na ukipanda nyanya juu ya nyanya juu ya nyanya katika eneo lile lile dogo, unaulisha. Ukitaka kujua kama umeshaingia, kata shina la mche ulionyauka, litumbukize kwenye glasi ya maji safi na uangalie: kama ni huo, utaona uzi wa ute mweupe ukishuka kutoka kwenye kidonda. Kabla ya kulipia bomba na nailoni, muulize fundi wa banda msimu wa nne utapanda nini mle ndani.

Basi mawazo yako wapi? Mimi nimezoea kuyatafuta pembezoni, kwenye mabanda ambayo hayana foleni, na nitoe mfano mmoja kwa kirefu kwa sababu naamini haujatumika vya kutosha.

Banda la ng'ombe wa maziwa hujaa. Watu wanaduwaa mbele ya ng'ombe mweusi na mweupe mwenye kiwele kikubwa na kibao cha lita alizotoa. Swali linaloulizwa ni: anauzwa bei gani? Linalofaa ni: anakula nini Septemba? Ng'ombe wa kilo 450 anahitaji chakula kikavu kama asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 13 na nusu. Majani mabichi yana maji mengi, hivyo kwa majani mabichi ni mzigo mzito wa kuanzia kilo 50. Kwa kila lita ya maziwa anahitaji pia lita 3 hadi 5 za maji ya kunywa. Sasa tazama nani ana ng'ombe hao. Wengi wako mlimani: Kibosho, Marangu, Machame, Old Moshi, na kwa upande wetu huku vijiji vya Meru. Huko vihamba ni vidogo na vimejaa migomba na kahawa. Malisho hayatoshi. Kila anayeishi Moshi ameona pikapu zinazopanda mlima zikiwa zimefungwa mabua ya mahindi mpaka dereva haonekani kwa nyuma, na ameona wanawake wakibeba majani kutoka tambarare. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wanakatiwa migomba, ambayo zaidi ya tisa ya kumi yake ni maji. Inajaza tumbo, lakini maziwa yanashuka.

Mtu mwenye ekari mbili kule tambarare, Mabogini, Kahe au Mbuguni, anaenda Nane Nane, anatamani ng'ombe, anakopa, ananunua mmoja, anajenga banda, na anaingia katika biashara ambayo jirani zake wa mlimani wamekuwa nayo kwa vizazi. Wakati huo ardhi yake ina kitu ambacho wao hawana. Hao jirani ndio wateja wake. Robota moja la hei, yaani majani makavu yaliyofungwa, la kilo 15 linakaribia chakula cha ng'ombe mmoja kwa siku moja. Kuanzia Agosti mpaka Oktoba ni kama marobota 90 kwa ng'ombe mmoja asiyekuwa na kingine. Hata mfugaji akijitegemea kwa nusu, bado ni marobota 45, na kijiji kimoja kina ng'ombe wengi.

Mashine ya kufunga hei si lazima. Boksi la mbao lisilo na kitako wala mfuniko linatosha: unatandika kamba mbili, unajaza majani yaliyokauka yakiwa bado na rangi ya kijani, mtu anakanyaga, unafunga, unalinyanyua boksi. Ukitaka saileji, yaani malisho mabichi yaliyovundikwa, unakatakata mahindi yakiwa punje zimeanza kujaa maziwa na kukaza, unashindilia kwenye pipa la lita 200 au mfuko mzito wa nailoni hadi hewa yote itoke, unafunga, na baada ya wiki kama tatu hadi nne unafungua. Mahindi ya nafaka yanasubiri mpaka yakauke shambani na kupambana na wezi na nyani. Ya saileji yanatoka mapema, na shamba linabaki huru. Wenye mashine za kukatakata malisho wako pale Themi, chuo cha mifugo cha LITA Tengeru kiko hapo jirani tu na wataalamu wake wanajua mbegu za nyasi zinazofaa tambarare, na wafugaji wanaohangaika na chakula wamejaa kwenye lile banda la ng'ombe wakishangaa. Mnunuzi, mtaalamu na mashine wote wako uwanja mmoja siku moja, na hakuna anayewakutanisha.

Huo ndio mtindo wa kufikiri ninaoutetea. Penye umati, tazama umati unahitaji nini. Watu elfu wakiamua kulima nyanya, kuna mtu anahitajika kuwauzia miche yenye afya, na miche 10,000 inakaa kwenye eneo dogo kuliko sebule za wengi wetu. Wakiamua kufuga, kuna anayehitajika kuchanja. Wakipanda parachichi la Hass, ambalo huchukua miaka mitatu hadi minne baada ya kubebeshwa, yaani kuunganishwa kwenye shina la mche mwingine, kabla ya kuzaa kwa maana ya biashara, kuna nafasi ya mwenye kitalu anayejua kubebesha na asiyedanganya aina. Mkulima wa kahawa naye, akipata miche ya TaCRI inayohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, anapunguza dawa. Faida yake inaongezeka bila kuongeza hata mti mmoja. Hili la mwisho halina picha nzuri ya simu. Lakini ndilo lililonivutia zaidi katika banda lile la kahawa.

Na kuhusu mbegu: tusidharau za wazi, yaani zisizo chotara, kwa sababu chotara ndizo zenye mabango makubwa. Nyanya za Tanya na Tengeru 97 zilitoka kwenye utafiti wa hapa hapa Tengeru, zikatolewa kwa wakulima mwaka 1997, na zina ganda gumu linalovumilia safari. Si chotara, kwa hiyo ukizitunza vizuri unaweza kujikamulia mbegu. Chotara nzuri inaweza kuzaa zaidi, sawa. Nayo inadai maji na mbolea zaidi, na kila msimu unarudi dukani. Kwa mtu anayeanza na mtaji mdogo, hilo ni jambo la kupimwa kwa kalamu.

Ukitoka Themi, kazi iko nusu. Nusu ya pili iko sokoni. Nenda soko la Kilombero la hapa Arusha asubuhi na mapema magari yanaposhusha. Nenda Tengeru siku ya gulio. Kwa wa Moshi, nenda Mbuyuni na Kiboriloni. Usiende kuuliza bei ya nyanya peke yake, maana bei ya leo si yako. Utavuna miezi mitano ijayo. Waulize madalali na wachuuzi: ni mwezi gani mnakosa mzigo? Mzigo wa mwezi huo hutoka wapi? Mnapendelea aina gani, na mnaipokea kwa kipimo gani? Hapo utasikia habari za tenga, debe na lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo, na utajifunza kwamba bei ya gunia haina maana mpaka ujue gunia lenyewe limeshonwa vipi. Lumbesa imekatazwa na bado inampunja mkulima kila siku, kwa hiyo piga hesabu yako kwa kilo. Mwulize pia dalali kama anauza kwa Wakenya wanaopitia mpaka wa Namanga na wa Holili, maana mpaka ukinuna, mzigo uliokusudiwa Nairobi unamwagika Kilombero na bei ya wote inaanguka. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, hata mkulima ambaye hakuwahi kuuza nje aliathirika.

Muda upo. Kati ya Nane Nane na mvua za vuli kuna kama miezi miwili. Ni muda wa kutosha kwenda sokoni mara kadhaa, kupima udongo, na kumtembelea mkulima mmoja anayefanya kile unachokitamani, kwenye shamba lake, siku ya kawaida. Mwombe akuonyeshe sehemu iliyoharibika. Wakulima wa kwetu ni wakarimu wakiulizwa kwa adabu, na watakwambia mambo ambayo hakuna kipeperushi kitakachoyaandika.

Lakini si haki kumwachia mgeni kazi yote hii. Waandaaji nao wana wajibu, na mapendekezo yangu kwao hayahitaji fedha nyingi. Kila kipando kiwe na ubao wa gharama: tarehe ya kupandwa, kiasi na bei ya mbegu, mbolea na samadi, mara ngapi kimepigwa dawa na dawa gani, maji kiasi gani kwa wiki, vibarua wangapi. Pembeni ya kipando cha kitaalamu kiwepo kingine cha zao hilo hilo kilicholimwa kwa uwezo wa mkulima wa kawaida, bila umwagiliaji wa matone, kwa mbolea anayoimudu, ili mtu aone tofauti na ajue ipi kati ya zile gharama ndiyo iliyoleta tofauti. Wanunuzi wapewe banda: wenye hoteli, shule za bweni, wasindikaji, wasafirishaji wa mboga na matunda, wenye maduka ya vyakula vya mifugo, waje waseme wanataka nini, kiasi gani, mwezi gani. TAHA, jumuiya ya wadau wa mazao ya bustani, ina makao yake hapa hapa Arusha na inawajua wanunuzi wengi wa aina hiyo. Na vipando visifungwe Agosti 9. Vingefunguliwa tena Januari, hata kwa siku mbili, joto likiwa limepanda na kantangaze yupo kazini, mkulima angejifunza zaidi ya anachojifunza katika wiki nzima ya Agosti.

Najua hofu ya wenye mabanda: ubao wa gharama utafukuza wateja. Utawafukuza baadhi, wale ambao wangeishia kupata hasara na kuwatangazia majirani kwamba kilimo hakilipi. Atakayebaki amesoma ubao, amekubali gharama na bado ananunua mbegu, huyo atarudi msimu ujao. Mahindi ya kipando cha Agosti hupandwa karibu Aprili. Ubao uanze kuandikwa siku hiyo hiyo mbegu inapoingia ardhini, kwa mkono wa afisa kilimo wa halmashauri husika, na ukifika Agosti utundikwe pale pale mbele ya kipando, sio uwekwe ofisini.